Samaki wa Mzee wa Kanisa

Mtu akikuharibia kitu kwa makusudi, unajua pa kuanzia. Unamtukana, unampeleka kwa chifu, unaacha kumsalimia njiani. Lakini mtu akikuharibia kitu kwa wema, tena akiwa amevua kofia na kukiombea kwanza, hasira yako utaipeleka wapi? Mimi yangu bado ninayo. Naamka nayo, nawasha jiko nayo, na sioni haya kusema hivyo.

Kazi yangu ni kukaanga samaki Kiandutu, mtaa wa mabanda hapa Thika. Siku za kawaida nakaanga mgongo wazi, ile mifupa inayobaki na kichwa na mkia baada ya nyama kutolewa ikapelekwa kwa wenye nazo. Siku za mshahara nakaanga ngege wazima, hao ambao watu wa hoteli huita tilapia. Mkikuyu wa rika langu kuuza samaki si jambo dogo. Kwetu samaki hakuliwa. Mama yangu alimhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka, na mpaka anakufa hakunywa maji kwa kikombe changu. Kazi yenyewe nilifundishwa na jirani yangu, mama aliyetoka upande wa ziwa akaja Thika na mumewe kutafuta vibarua. Alinikuta nimekaa mlangoni na mtoto wa binti yangu mgongoni, binti mwenyewe ameenda mbali kutafuta kazi, sina unga, sina mbele.

Akaniambia, "Sasa wewe utakaa hapo ukinusa samaki zangu mpaka lini? Kuja ushike mwiko."

Nikashika.

Huyo mtoto aliyekuwa mgongoni ndiye mwenye habari hii. Ana jina langu. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, lakini upande wa baba hakuna aliyejitokeza, basi akachukua langu. Mimi humwita wajina. Yeye huniita shosho, yaani nyanya.

Wakati huo wa kuzaliwa kwake tulikuwa tunaishi Mugutha, kabla hakujajaa nyumba za kupanga. Kanisani kwetu msichana akipata mimba bila mume alikuwa anakalishwa benchi la nyuma, hapewi meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu aungame. Binti yangu alikaa benchi hilo. Hakulalamika. Siku ya kubatizwa mtoto akavaa vizuri, akampeleka mbele. Mzee mmoja wa kanisa akasimama akauliza, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watoto waliokuwa wanacheza nje, "Mtoto huyu, baba yake ni nani?"

Alijua. Mugutha yote ilijua. Alitaka tu lisemwe. Binti yangu akageuka na mtoto wake, kichwa cha mtoto kikavu, wakatoka. Nikatoka nyuma yao. Haukupita muda tukahamia Kiandutu, ambako hakuna mtu ana nafasi ya kukuuliza baba ya mtoto ni nani kwa sababu anatafuta maji. Mzee huyo msimsahau.

Wajina amesomeshwa na mgongo wazi. Nalisema hilo kwa kifua. Alipoingia chuo kikuu huko Juja niliwaambia wateja wote, na wasiokuwa wateja. Alipomaliza akaambiwa abaki asome tena ya juu, nikamuuliza ni masomo ya nini hayo yasiyoisha.

"Ya samaki, shosho."

Nilicheka mpaka mafuta yakaungua. "Yaani nikusomeshe na samaki ndio uende ukasome samaki?"

"Wewe unajua kuwakaanga. Mimi nataka kujua ni akina nani."

Akachukua pakiti ya unga pale mezani, akanionyesha ile mistari myeusi ambayo mashine ya supamaketi husoma. Akaniambia kila samaki ana kitu kama hiyo mistari ndani ya mwili, katika ile DNA. Unakata kipande kidogo cha pezi, kama ukucha, unakitia kwa chupa ndogo yenye spiriti, maabara wanakisoma. Wao huita kazi hiyo barcode. Ukisoma samaki wengi wa mto mmoja unajua kuna koo ngapi humo ndani. Mto ulio na koo nyingi una nguvu, ugonjwa ukija hauwamalizi wote. Mto ulio na ukoo mmoja ni kama boma la watu wanaokohoa pamoja.

"Na huyo samaki uliyemkata?" nikamuuliza.

"Namrudisha majini. Anaenda zake."

Hilo lilinikera, siwafichi. Samaki ameshikwa, ni mzima, ni mnono, halafu anarudishwa. Nimeona mengi lakini huo upuuzi ulikuwa mpya.

Jambo moja lilinifurahisha. Aliniambia mistari hiyo wanayosoma hutoka kwa mama peke yake. Baba hatii kitu hapo. Aliyo nayo samaki ni ya mama yake, na ya nyanya yake, na ya nyanya wa huyo nyanya, kurudi nyuma mpaka usikojua. "Hata sisi watu tuko hivyo, shosho. Yangu ni ile yako."

Nilitembea Kiandutu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilimweleza kila aliyekuja kununua. Fundi wa baiskeli anayekaa karibu na mimi alisikiliza mpaka mwisho, samaki yake inapoa mkononi, halafu akauliza, "Kwa hivyo sisi wanaume hapo tulikuwa tunafanya nini?"

"Hata mimi nimejiuliza," nikamwambia.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Mto Ndarugu una ngege wake, wa hapa hapa, waliokuwa ndani kabla babu zetu hawajajua jina lao kwa sababu hawakuwala. Halafu kuna ngege wa kufugwa, waliotoka mbali, hao wa vidimbwi. Hao hukua haraka na hutoroka mvua ikifurika. Wakikutana na wa mto wanazaana. Wajina aliniambia wa mto hawauawi na mtu, wanapotelea kwa wageni polepole, mpaka siku moja unaangalia humwoni aliyekuwa mwenyewe. Alikuwa ameupima mto huo sehemu nyingi, na kila alipopima alikuta mchanganyiko. Palibaki mahali pamoja chini ya kijiji cha Kalimoni, shimo lenye maji matulivu, juu ya maporomoko madogo ambayo samaki wa chini hawawezi kupanda. Kama wa mto wamebaki peke yao popote, ni hapo. Na kazi yake yote ilisimama juu ya shimo hilo. Bila hilo alikuwa na mto uliochanganyika tu, na mito ya namna hiyo imeshaandikwa na kila mtu.

Nilienda naye mara ya kwanza kumshikia ndoo. Njia ya kushuka mtoni inapita ndani ya shamba la mtu, kwa hiyo tukabisha langoni. Akatoka mzee na fimbo. Nilimjua kabla hajainua kofia. Aliuza shamba lake la Mugutha kwa wajenzi wa maghorofa akanunua huko Kalimoni, karibu na maji. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Na yeye alinijua. Tulitazamana, na kati yetu amesimama wajina na gambuti zake za mpira, hajui kitu. Hata mimi sikumweleza hapo. Ningeeleza ningemtupia mzee ile ndoo.

"Tunaomba njia, guka," wajina akasema kwa adabu, akimwita babu kwa Kikuyu.

"Njia iko, maitu," akajibu. Maitu ni mama kwa Kikuyu, na mzee humwita msichana hivyo akitaka kumheshimu. Hilo neno lilitoka kwa kinywa kile kile.

Kando ya nyumba yake kulikuwa na kidimbwi cha samaki, kikubwa, maji ya kijani, kimezungushiwa ukingo mrefu ambao mafuriko hayauvuki. Kilichimbwa wakati serikali ilikuwa inagawa vidimbwi bure, na watu wasiokula samaki wakachimba kwa sababu ni vya bure. Mzee alitupa chakula kidogo tukiangalia, maji yakachemka kwa migongo.

"Unawala?" wajina akamuuliza.

"Mimi? Hapana. Marehemu mke wangu hakuingiza samaki jikoni, na mimi siwezi kuchinja kitu nisichokula."

Nikashindwa kunyamaza. "Basi niuzie. Unafuga kitu mpaka kife kwa uzee?"

Akaangalia maji. "Tumezoeana nao," akasema. Mzee huyo, aliyemtoa mtoto wangu kanisani, alikuwa amezoeana na samaki.

Akamgeukia wajina. "Na wewe, maitu, huko chini unatafuta nini?"

"Samaki wa mto, guka. Wamebaki wachache sana. Hapa kwenu ndio mahali pa mwisho."

"Wachache," akasema. Akakaa na neno hilo kama mtu aliyepewa kazi. Baadaye alituletea chai kwenye trei. Mimi nilisema nimefunga. Wajina akanywa yake na yangu.

Siku hiyo tulivua, wajina akakata vipande vyake vya mapezi, kila kimoja kwenye chupa yake, na ngege wa mto, wadogo, weusi weusi, mkia mtupu bila pambo, wakarudishwa majini mbele ya macho yangu. Nikavumilia. Majibu yalipotoka maabara alikuja Kiandutu anakimbia, akapita katikati ya foleni yangu, akaniinua na aproni yangu ya mafuta.

"Wote, shosho. Kwa mama na kwa baba, wote ni wa hapa. Na wana koo zao, si ukoo mmoja. Hakuna hata mmoja wa kufugwa."

Mwalimu wake wa chuo akamwambia ni vizuri sana, arudi mara moja zaidi wakati wa kiangazi, avue wengine zaidi hapo hapo, wasije wakasema alibahatisha. Akishamaliza hiyo, anasimama mbele ya jopo, anatetea kazi yake, anakuwa mtu.

Tulirudi siku ya Jumatatu, wajina akiwa amempigia mzee simu kwanza. Mzee alikuwa langoni anatungoja. Amevaa suti ya kanisani, kifuani ana ile beji ya wazee, na anatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku hiyo.

"Nimekungoja, maitu. Njoo uone."

Akatutangulia na fimbo yake, mbio mbio, mpaka pale kidimbwini. Hakukuwa na kidimbwi. Kulikuwa na matope, na mfereji mpya uliochimbwa vizuri, umenyooka, umeshuka mpaka mtoni. Umeingia juu kidogo ya lile shimo.

"Jana baada ya ibada," akasema. "Tulikuja na wazee wenzangu na kwaya ya akina mama. Tukaomba, tukaimba, nikafungua maji kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisikia mtoto wetu anatafuta samaki hawapati. Nikasema, si mimi ninao? Sasa utavua mpaka uchoke."

Wajina alikuwa anaufuata mfereji kwa macho. Mzee akanigeukia, akavua kofia.

"Na wewe mama. Yale niliyowatendea kule Mugutha nayajua. Nimekuwa nikiyaangalia usiku na mchana. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa, na hawa ndio nilikuwa nawapenda."

Mwenzenu nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo mtu huyo aniombe msamaha. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Niliyapanga nikiosha samaki, nikayapanga upya nikipanda ngazi za kliniki, yalikuwa makali na mazuri. Na alipokuja kuuomba msamaha wenyewe, aliuomba kwa kummaliza mtoto yule yule aliyemkosea. Kanisani alimnyima maji, huku mtoni akamfungulia yote.

Wajina alikaa chini kwenye nyasi na gambuti zake. Akasema polepole, "Asante, guka."

Nikamgeukia. "Asante ya nini?"

"Shosho, wachana naye. Hakujua."

"Hata ile siku nyingine hakujua?" nikasema, na hapo ndipo wajina aliposikia habari ya ubatizo wake, pale kwenye ukingo wa matope, kutoka kwangu, kwa sauti ya juu, na mwenye kuitenda akiwa amesimama na kofia mkononi. Si hivyo nilivyotaka kumwambia. Lakini ndivyo nilivyomwambia.

Halafu nilimshika mzee mkono wa koti nikamshusha mpaka mtoni. Wajina akatupa wavu. Ulipanda mzito, umejaa ngege wakubwa, wanene kwa chakula cha kununua, wanaruka. Wajina akamwinua mmoja, akamtandaza mkia.

"Huyu ni wako, guka. Unaona mistari inashuka mkia wote? Wa mto mkia wake ni mtupu."

Mzee akainama, akaangalia. "Lakini si wote ni ngege?"

"Ni ngege. Ndio maana watazaana. Na wakizaana, wale niliokuwa nawatafuta hawatakuwepo tena."

"Kuzaana ni vibaya?"

"Leo unauliza," nikamwambia. "Zamani jibu ulikuwa nalo."

Akakaa juu ya jiwe na suti yake. Kwa mara ya kwanza niliona ameelewa, na sikumhurumia. Wajina akampigia mwalimu wake wa chuo simu pale pale. Alipokata simu uso ulikuwa umekauka.

"Anasema nina bahati. Eti sasa nitaandika kabla na baada."

Bahati. Mtu amekaa ofisini, mbele yake kuna chai, anamwambia mtoto ambaye nyumba yake imeungua kwamba sasa ana majivu ya kupima. Ningempata karibu ningempaka unga nimtie mafutani.

Ni mimi niliyesema tuwatoe. Nilimwambia mzee, "Uliwaingiza kwa wimbo, utawatoa bila wimbo. Mmoja mmoja."

"Nitawapeleka wapi? Kidimbwi kimekauka."

"Utawala."

Akaniangalia kama nimemwambia ale fimbo yake.

Basi ikawa kila Jumamosi. Nilikuja na karai langu na mafuta, na jirani yangu wa kutoka ziwani akaja na nyavu za kwao na mdomo wake. Mzee alikuja na gambuti mpya na kofia ile ile. Wajina alitufundisha sisi sote kuutandaza mkia kwa vidole na kuuangalia kwenye jua. Wenye mistari, ndani ya ndoo yangu. Mkia mtupu, majini. Mwanzoni mzee alikuwa anawashika wake kwa mikono miwili, anawaangalia usoni, tunamngoja.

"Mzee, unampigia picha?" jirani yangu anamuuliza.

"Huyu namjua," anasema. "Alikuwa anakuja mbele kila asubuhi."

"Sasa atakuja mbele kwa sahani."

Siku ya kwanza nilimkaangia wa kwanza yeye. Nilimpa na ugali, pale ukingoni, tukamtazama. Alifumba macho. Nilidhani anaomba, kumbe anaogopa. Akatafuna muda mrefu.

"Ina mifupa," akasema.

"Ulitaka iwe na nini, mzee, magurudumu?" jirani yangu akamjibu.

Alimaliza. Wiki iliyofuata alikula bila kufumba macho, na iliyofuata aliomba kichwa. Hilo nalo lilinikasirisha. Nilitaka adhabu, yeye akapata hamu ya kula.

Ndoo zilianza kupungua. Wavu ukitoka, mikia mitupu ikawa mingi kuliko yenye mistari, na wajina akaanza kucheka tena. Nikajiambia labda tumewahi. Halafu Jumamosi moja wavu ukapanda na ngege mama mmoja, mdogo, mweusi, mkia mtupu safi kabisa, lakini shavu limevimba kama mtu anayeumwa jino. Wajina akatupigia kelele tusimguse. Akamtia kwenye beseni taratibu. Yule mama akafungua kinywa, akatema watoto. Wadogo kama dengu, na macho, wanaogelea. Ngege wa mto hulea watoto kinywani. Nimekaanga ngege miaka yote hii na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu wanaofika kwangu wameshafunga mdomo.

Jirani yangu alipiga makofi. Mzee alipiga magoti kwenye matope.

"Hawa ni wa mto," akasema. "Mama yao mkia mtupu. Wamezaa, maitu. Tumewaponya."

Wajina hakuinua macho kutoka kwenye beseni.

"Mama ni wa mto," akasema. "Baba simjui."

"Si utasoma ile mistari ya ndani?"

"Ile ni ya mama tu, guka. Itaniambia ni wa mto hata kama baba ni wako. Kuna kipimo kingine cha kujua baba, lakini lazima wakue kidogo, na maabara ile iko na foleni ndefu."

Mzee akawainamia tena wale watoto. Na mimi niliuona mlango umefunguka, nikaingia. Sikujizuia na wala sitasema nilijizuia.

"Uliza basi," nikamwambia. "Wewe ndiwe mwenye sauti. Simama uulize watu wote wasikie. Watoto hawa, baba yao ni nani?"

Maji yalikuwa yanapita. Jirani yangu aliangalia upande wa pili. Mzee alivua kofia akaiweka chini, juu ya matope kabisa, wala hakuomba. Wajina alinitazama.

Kisha akasema kazi inavyotaka. Yule mama anaweza kurudi. Watoto hawawezi kurudi shimoni bila kujulikana, kwa sababu mmoja tu mwenye baba wa kidimbwini anatosha kuanza kuharibu. Inatakiwa watiwe kwenye spiriti, hao wote, hapo hapo. Akatoa chupa mfukoni. Akafungua kifuniko. Halafu mkono wake ukasimama juu ya beseni, ukakaa hapo.

Mimi nimeua samaki wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nimewapara wakiwa wanapumua. Lakini nilisikia sauti yangu inasema, "Funga hiyo chupa."

"Shosho, ndivyo inavyofanywa."

"Najua ndivyo inavyofanywa. Funga."

Nilibeba beseni hilo mapajani ndani ya matatu mpaka Thika, na kutoka stendi mpaka Kiandutu nikalibeba kichwani, polepole, nikimtukana kila aliyenigonga. Sasa wako nyumbani kwangu, ndani ya pipa la plastiki nililokuwa naoshea mgongo wazi. Wajina aliniletea kamashine ka kupulizia hewa. Wamekua, wana urefu wa kidole. Wateja wanachungulia wananiuliza ni lini nitawakaanga, nawaambia watakaangwa wao kwanza. Mikia naiangalia kila asubuhi nikibeba maji, lakini wajina amenionya kwamba kwa mchanganyiko mkia unaweza kudanganya. Lazima maabara iseme.

Ikisema baba ni wa mto, tutawarudisha shimoni, nami nitawabeba mwenyewe. Ikisema baba ni wa kidimbwi, hawarudi kamwe, na wajina ameniambia hilo bila kunizungusha. Nami nimemwambia sawa, basi watakaa hapa Kiandutu. Hata sisi ndivyo tulivyofika.

Kazi yake bado haijaenda mbele ya jopo. Anasubiri foleni ya maabara, anaandika usiku, amekonda. Kila Jumamosi tusiyoenda mtoni, mzee huja kutoka Kalimoni. Analeta chakula cha samaki kwenye mfuko wa karatasi, anapitia kwenye vichochoro na fimbo yake, viatu vya kanisani vimelowa maji ya mitaro. Anasimama mlangoni.

"Majibu yametoka?"

"Bado."

Ananipa ule mfuko. Anaangalia ndani kuelekea kwenye pipa, anawatafuta kwa macho. Wakati mwingine anasimama hapo mpaka foleni yangu inaisha, na wateja wanampita huku na huku, na fundi wa baiskeli ameshaniuliza mara kwa mara mzee wa watu amenikosea nini mpaka nimwache amesimama, miguu inamtetemeka hivyo.

Kiti ninacho. Kiko nyuma ya mlango. Bado sijampa.